Aliyeng'ata Kila Asubuhi

Kulea watoto wa watu nilianza baada ya wangu kukua. Nina chumba na sebule hapa Gerezani, mkeka, beseni la midoli, watoto sita, na mdomo wangu. Mama zao wengi wana shughuli Kariakoo, kwa hiyo wakikimbilia kufungua maduka mimi nafungua mlango.

Mwaka jana nililetewa binti wa miaka miwili. Mama yake, Mchaga anayeuza mapazia, hakunificha kitu.

"Shikamoo mama. Huyu nimesharudishiwa mara mbili. Anang'ata."

"Marahaba. Niachie, nimelea wakorofi kuliko huyo."

Maringo hayo! Hata chai ya watoto haijapoa, alishamng'ata mwenzake shavuni, alama zote za meno zinaonekana. Kesho yake mkono. Keshokutwa sikio. Nikamkemea, nikamkalisha pembeni, nikamtolea macho. Wapi! Jirani mmoja akanishauri nimpake pilipili mdomoni, mwingine akasema nimng'ate na mimi aonje. Niliwafukuza wote wawili. "Tokeni hapa! Mtoto wa mtu ni kachumbari?"

Aliyeumia zaidi alikuwa mvulana mmoja mpole, mtoto wa mama mmoja fundi cherehani wa Mnazi Mmoja. Jumatatu moja, baada ya mwanawe kung'atwa mara ya tatu, yule fundi alikuja jioni akasimama mlangoni, hata kuketi hakutaka.

"Mama, nakuheshimu. Lakini mpaka Ijumaa uchague. Ama huyo, ama wangu."

Nilimwelewa. Ila muuza mapazia nilimwelewa pia. Ndugu zake wote wako Moshi, hapa mjini hana hata shangazi. Nikimkataa mimi, yule binti angeshinda dukani, mikokoteni inapita na mzigo usoni pake. Usiku sikupata usingizi wa maana, na asubuhi nikawagombeza watoto bila sababu.

Sasa niseme jinsi nilivyokuwa napokea watoto, maana hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Kila mama aliyeanza kwangu nilimfundisha: usimuage mwanao. Mimi nambeba mpaka uwani aangalie kuku, wewe unachomoka. Akiuliza, namwambia mama kaenda chooni, anakuja sasa hivi. Hakuna kilio, hakuna kung'ang'aniana mlangoni. Nililelewa hivyo, wanangu niliwalea hivyo, na nilijiona fundi kweli kweli.

Jumatano yule muuza mapazia alichomoka kama kawaida, halafu akarudi mbio. Kasahau simu. Binti akamwona, akamkumbatia miguu. Ilibidi aseme ukweli, akiwa amekwisha kuchelewa: "Mama anaenda dukani. Jioni mama anakuja kukuchukua." Mtume! Kilio kile kilifika barabarani. Alilia mpaka akachoka, akajilaza mkekani. Halafu akaamka, akala uji, akacheza. Siku nzima hakumng'ata mtu.

Nikasema bahati tu. Alhamisi tukarudia mtindo wetu wa kuku. Binti aliporudi sebuleni, akatazama mlango, akatazama chooni, akanitazama mimi. Kisha akamng'ata aliyekuwa karibu.

Nilikaa chini. Jamani! Kila siku mtoto huyu alikuwa anageuka na kukuta mama yake hayupo, na mtu mzima anamwambia uongo. Mimi ningemng'ata nani?

Ijumaa alfajiri nilimwambia mama yake: leo unamuaga. Akamuaga. Binti akalia kifuani kwangu, kamasi zote kwenye kanga yangu, nami nikamwambia ukweli, kwamba mama yuko dukani. Kilio kilikuwa hakijaisha fundi alipofika, amemshika mwanawe mkono.

"Bado yupo?"

"Yupo. Na haondoki. Kosa si lake, ni langu." Nikamweleza yote, kuku, choo, na kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea yule binti mpaka dakika ya mwisho. Hakubisha.

"Na mimi nikiondoka," akauliza, "wangu huwa unamwambia nini?"

"Kwamba uko chooni," nikanong'ona. Mimi, mwenye mdomo wote huu! Aibu ilinishika mpaka masikioni.

Nilidhani atamchukua mwanawe aende zake, na nisingemlaumu. Badala yake alichuchumaa mbele yake, akamsawazisha kola. "Mama anaenda kazini," akamwambia. "Mama anaondoka sasa hivi. Jioni nakuja."

Yule mvulana mpole, ambaye mwaka mzima nilimsifia kwa watu kwamba hajui kulia, alimshika mama yake shingoni kwa mikono miwili, akalia.