Bega Lililojifunza Mchangani

Nikisikia harufu ya usipa ulioanikwa kwenye mchanga wa moto, hunijia kwanza bega la kaka yangu Oswini, kabla hata ya njaa, nami si mtu wa kusahau njaa. Ufukweni kwetu Mbaha samaki hao wadogo walitandazwa tangu asubuhi. Palipobaki wazi Oswini alisimika miti miwili, akasimama katikati, akanipa mpira. Wenzake walikuwa ziwani. Nilikuwepo mimi tu, mtoto wa kike mwenye teke la bata. Kwa uvivu wangu aliniita bibi. "Piga, bibi, mbona unaubembeleza?" Nilipiga. Aliruka mzimamzima, akatua kwa bega, mchanga ukampokea kama godoro, akainuka anacheka, usipa umemganda shavuni.

Biashara ya kahawa ilikuwa imefunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na mmoja wao kule Mbinga alitaka timu yenye jina lake mgongoni. Akamchukua Oswini: mshahara wa kila mwezi, glovu, na kitanda. Mama hakuelewa. "Wakulipe kwa kudaka? Na siku usipodaka?"

"Nitadaka, mama."

Tulipanda lori kwenda kumtazama. Nilitapika milima yote ya Umatengo, nikaapa sitasafiri tena, na hicho ndicho kiapo pekee nilichokitunza. Uwanja ulikuwa udongo mwekundu uliokauka, mgumu kama sakafu. Oswini mwenyewe alitusimulia, akicheka, jinsi kocha alivyomfokea tangu siku ya kwanza: "Dogo, huku si ziwani! Anguka kwa paja, ujiviringishe!" Alijaribu, lakini mpira ukija, mwili ulirudi Mbaha.

Siku ile ulikuja mpira wa kona, wa juu. Aliruka vilevile alivyoruka kwa mateke yangu. Akaudaka. Nilisikia mlio, nikadhani mtu nyuma yetu kavunja muwa. Watu walishangilia, Oswini hakuinuka. Mama alishika kichwa.

Mfupa wa bega ulikuwa haujaunga vizuri yule mnunuzi alipomrudisha langoni. Mechi hiyohiyo bega likaachia kabisa. Msimu uliofuata mnunuzi alifunga ghala, akaondoka, na jezi zake zikawa nguo za kulimia. Oswini alishuka nyumbani na lori la chumvi. Nilimkuta jikoni, akanirushia glovu. "Chukua, bibi. Utaepulia chungu."

Nikaepulia mpaka zikaisha.

Leo miti ya lango imekuwa mabomba ya chuma na mpira unatoka dukani, lakini mchanga ni uleule. Mwanangu anaruka mzimamzima, anatua kwa bega, anacheka. Oswini humwita kutoka kibarazani: "Wewe mjomba! Njoo urukie huku juu, barabarani, kwenye ardhi ngumu!" Vijana wanamcheka, wanasema mzee kachanganyikiwa. Mimi sicheki. Namsogezea bakuli la usipa upande wa kulia, maana mkono wa kushoto hauinuki kupita kifua.