Kichana Kimoja, Vichwa vya Darasa Zima

Juzi nilisoma, rafiki yangu, kwamba wataalamu wa fizikia bado wanabishana juu ya ile stima ndogo inayozaliwa vitu viwili vikigusana. Sweta ya nailoni hulia tatata ukiivua, kichana huvuta vipande vya karatasi, na hadi leo hawajakubaliana ni kitu gani hasa kinachohama kutoka huku kwenda kule. Hata jaribio lile lile likirudiwa laweza kuleta jibu jingine. Ungedhani ningefurahi. Nilishikwa na kinyaa, kile kile cha darasa la sita kule Makongeni.

Ilikuwa Januari, ule ukavu wa kupasua midomo. Kila Jumapili jioni nyanya alinikalisha kizingitini, akanipaka mafuta ya nazi aliyoletewa kutoka Pwani, akanifunga mafundo mawili. Jirani akikaanga omena, redio zikilia nyumba hadi nyumba, nami nikisinzia magotini pake. "Nywele hizi ni zangu," alizoea kusema. "Wewe unanibebea tu."

Basi mwalimu wa sayansi akaja na kichana kimoja cha plastiki, kikapitishwa kichwa hadi kichwa, darasa zima, kila mmoja ajichane kisha akisogeze kwenye vipande vya karatasi. Acha nikwambie kilivyokuwa kilipofika kwangu: mba katikati ya meno, manyoya ya blanketi, na kitu cheusi ambacho mpaka leo sitaki kukijua. Nikafungua fundo moja, nikajichana hivyo hivyo. Karatasi zikanata, hazikubanduka hata kichana kilipotikiswa.

"Mnaona?" mwalimu akapaza sauti. "Huyu ana stima kuwashinda nyote!"

"Si stima, mwalimu. Ni mafuta ya nyanya."

Darasa likaangua kicheko. Nami nikauliza lililokuwa likiniwasha: mbona kwa wenye nywele kavu, wengine kimevuta na wengine kimekataa?

"Elektroni zinahama, basi. Hakuna cha mbona," akasema. "Na kesho uje umenyolewa. Hayo manywele ndiyo yanakufanya mjuaji."

Hakujua. Hakuna aliyejua! Kusema "sijui" kungempunguzia nini? Naichukia hadi leo ile sauti yake ya uhakika, na pumzi yake ya chai na sigara.

Nyanya alininyoa mwenyewe kwa wembe, kimya, yeye ambaye hata akipika alikuwa hanyamazi. Akaziokota nywele zote, mpaka zilizopeperuka uani, akazifunga kwenye leso. Jirani akachungulia mlangoni, akaniambia: "Si ungenyamaza tu, mami?"

Sasa nyumba zile zinabomolewa. Kizingiti kimekwenda, nyanya alitangulia zamani, na nywele alizifukia wapi sikuwahi kumwuliza. Mwalimu alistaafu kwa keki na hotuba. Nywele ziliota tena, nzuri tu. Mkono wangu haukuinuka tena darasani mpaka namaliza shule.