Kombolela ya Bibi na Mjukuu

Dada yangu Evodia hakuwahi kumnunulia mjukuu wake mwanasesere hata mmoja. Shamba lake hapa Ihanja linatoa uwele wa kula na alizeti kidogo, basi. Lakini sijaona mtoto aliyecheza kama Lea.

Lea aliachwa na mama yake, Catherine, kabla hajaanza kutembea. Catherine ndiye alikuwa mtoto pekee wa dada. Aliugua wiki mbili tu, tukamzika. Baba wa mtoto, Stanley, mtu wa Iramba, hakuwa amemuoa. Kwetu mtoto wa namna hiyo hukaa ujombani mpaka baba yake alete ng'ombe. Stanley hakuleta ng'ombe wala salamu. Miaka mitano ikapita, na dada akaanza kusahau kwamba anaweza kuja.

Akamlea kwa michezo. Wakipepeta uwele, alificha kokoto katika ngumi moja na Lea akabahatisha ni ipi. Mvua ikinyesha walifinyanga ng'ombe wa udongo, wakawapa majina ya majirani. Ng'ombe mwenye tumbo kubwa alikuwa mimi.

Mchezo wao hasa ulikuwa kombolela. Watoto wengine huicheza wakiwa kumi; wao walikuwa wawili. Dada aliweka kopo bovu la rangi katikati ya uwanja, akageukia ukuta, akafumba macho kwa viganja na kuhesabu kwa Kinyaturu mpaka kumi, kisha akaanza upya. Lea alijificha. Akionekana na kutajwa kabla hajalifikia kopo, amekamatwa. Akiliwahi na kulipiga teke, anapiga kelele, "Nimekomboa!" na ushindi ni wake. Magoti ya dada ni mabovu, na nadhani siku hizo aliyafanya mabovu kuliko yalivyokuwa.

"Mke mwenza, nasikia harufu ya kikojozi!" alimtania.

"Muongo! Wewe ndiye unanuka ugoro!" Lea alijibu kutoka mafichoni, na hapo alipo pakajulikana.

Mwaka jana, baada ya mavuno, Stanley alikuja. Alikuwa na baba yake mdogo, Mzee Abraham, wakiswaga ng'ombe waliowanunua mnadani. Tukawapa viti. Kwa mila, mimi mjomba wa marehemu ndiye wa kusema nao. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Hata kanisani nikiombwa kufunga kwa sala hutoka nje kama mwenye kikohozi.

"Tumekuja kwa heri, mama," Mzee Abraham alimwambia dada. "Tumekuja kumkomboa mtoto."

Lea alikuwa mlangoni akichambua mlenda. Aliruka na kuacha majani yamwagike.

"Bibi, wageni wanajua kombolela! Fumba macho!"

Akatimua mbio nyuma ya nyumba. Wageni walicheka, Stanley naye alicheka. Dada hakucheka.

Stanley alisema sasa ana mke na nyumba, na shule iko karibu. Alisema kwa adabu, macho chini. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mtu mbaya, lakini hakuwa. Kisha Mzee Abraham akanigeukia.

"Mjomba, unasemaje?"

Nilikuwa na maneno. Nilitaka kusema mtoto abaki mpaka mvua zijazo, baba yake awe anakuja kumtembelea, wazoeane kwanza. Dada aliniangalia. Wote waliniangalia.

"Sina neno," nikasema.

Kwetu hilo ndilo jibu la kukubali. Likishasemwa mbele ya wazee halirudishwi.

Wakaanza kumtafuta Lea. Walichungulia kwenye kihenge, zizini, hata chini ya kitanda.

"Lea! Njoo umwamkie baba!"

Hakutoka. Angetokaje? Hakuna mchezaji anayetoka kwa kuitwa. Basi la kwenda Singida lilikuwa karibu kupita, na Stanley akawa anatazama saa.

"Mama, wewe ndiye unayemjua," Mzee Abraham alisema kwa upole.

Dada alijua alipo tangu mwanzo. Nilimwona akilitazama mara moja rundo la mabua ya alizeti, kisha akahamisha macho haraka. Aliinuka akishika magoti. Alichukua lile kopo, akaliweka katikati ya uwanja, akageukia ukuta, akafumba macho na kuanza kuhesabu.

Hakufika kumi. Mabua yalitikisika, Lea akatoka mbio na vumbi kichwani, akalipiga kopo teke likaruka mpaka miguuni pangu.

"Nimekomboa! Nimekomboa wote!"

Stanley akamnyanyua juu. Lea alicheka, akidhani hivyo ndivyo wageni wanavyoshangilia mshindi. Alicheka mpaka walipofika njia ya kwenda barabarani. Hapo akageuka begani kwa baba yake.

"Bibi, fumbua! Nimeshashinda! Bibi, fumbua macho!"

Dada hakufumbua. Alisimama vile vile, uso ukutani, mpaka basi likapiga honi, likaondoka, na mngurumo wake ukaisha. Nilitaka kumshika bega. Hata hilo sikuliweza.

Ng'ombe wale wapo. Dada hajawahi kuwakamua, nawakamua mimi, na maziwa nawapelekea majirani kwa sababu hataki yaingie ndani mwake.

Baada ya wiki tatu Stanley alipiga simu yangu. Nilikimbia nayo hadi kwa dada. Lea hakumwamkia. Nilimsikia akiuliza, kwa sauti ndogo:

"Bibi, umeshafumbua?"

Dada aliikumbatia simu sikioni kwa mikono miwili.

"Bado, mke mwenza," akasema. "Bado nahesabu."