Magurudumu Juu ya Moto wa Bibi

Jumamosi iliyopita mwanangu alipigilia misumari minne ya inchi sita kwenye ukuta wa sebule yangu hapa Elerai. Hakuniuliza. Nimerudi sokoni na kikapu cha maharage, nakuta plasta imemwagikia vitambaa vya makochi na baiskeli inaning'inia pale ilipokuwa picha ya harusi yangu. Chini yake amesimamisha stendi ya mbao ya kutengenezea, tena ananionya nisiisogeze kwa sababu gundi haijakauka. "Nje wataiiba, mama," anasema, na huku anafutia mikono pazia langu. Nilitua kikapu chini. Si mara ya kwanza baiskeli kuninyang'anya nafasi yangu, rafiki yangu. Keti nikusimulie, kama umepata pa kuketi.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, zama za Mjerumani, na kwetu kulikuwa juu ya Usa River, upande ambao asubuhi mlima Meru unasogea karibu mpaka unaweza kuhesabu mabonde yake. Baba alikuwa tarishi wa Mzungu mmoja mwenye shamba. Sisi tulimwita Bwana tu. Baba alimpelekea barua zake Arusha, bomani, na kurudi na majibu, yote kwa miguu, mpaka siku Bwana alipoagiza baiskeli na kumkabidhi. Masharti yalikuja pamoja nayo: isilale chini, isinyeshewe, isikutwe na kutu. Ikiharibika ni hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, na kwetu hapakuwa na ukoo usio na mtu aliyewahi kulazwa chini akachapwa. Kwa hiyo tulijua baiskeli ile inatunzwa kwa mgongo wa nani.

Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuishi na chombo kile ni kingine. Kwanza Baba alichimbia nguzo mbili za panda uani, akalaza mti juu yake, akaitundika baiskeli kwa kiti chake ili magurudumu yazunguke hewani akiyasafisha. Ilikuwa kazi nzuri, sikatai. Mbuzi nao wakapata pa kujikunia. Ndama akawa analamba usukani kwa ajili ya chumvi ya viganja vya Baba. Halafu majirani wakaja kutazama, na aliyetazama akakaa, na aliyekaa kwetu ilikuwa lazima apewe loshoro. Unadhani nani alitwanga yale mahindi na kuyakoroga na maziwa ya mgando? Viganja viliniota sugu kwa ajili ya watu wazima waliokuja kuona gurudumu likizunguka. Mwezi haujaisha mchwa wakamaliza nguzo moja, stendi ikainama, na baiskeli ikalala kifudifudi kwenye samadi. Baba aliifuta kwa shuka lake la Jumapili, na Mama akalifua shuka.

Baba akaamua iingie ndani. Mama akakataa katakata, maana alikuwa na mtoto mchanga, na zaidi ya hapo nyumba yao ilivuja. Baba alikuwa ameijenga ya pembe nne, kama zile za misheni, akajivunia pembe zake na kusahau paa. Nyumba isiyovuja ilikuwa moja tu, msonge wa Bibi, mama yake Baba, ulioezekwa majani ya migomba. Humo tulilala Bibi, mimi na ndama wawili. Na humo ndimo Baba alimoingia na nyundo, akagongomea vigingi vinne vya mti wa loliondo juu ya kitanda chetu: kimoja cha fremu, viwili vya magurudumu, cha nne cha mnyororo na bomba la kujazia upepo. Alipima kwa kamba, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono, akaridhika. Yeye hakuwa analala pale.

Mnyororo aliupaka mafuta ya kondoo, kwa hiyo ulinidondokea usoni na kuita panya. Pedeli ilinigonga kichwa kila nilipoamka kwenda kuwafungulia ndama. Bibi alizoea kusema, "Nimezaa watoto saba humu, na hakuna hata mmoja aliyetaka vigingi vinne." Alisema hivyo asubuhi, mchana na jioni, mpaka nikawa sijui kinachonichosha zaidi, baiskeli au Bibi.

Lakini hakuwa mtu wa kuacha kitu kioze chini ya paa lake, hata kitu asichokipenda. Masika ilipoingia, njia ikawa tope tupu. Bwana akaenda Moshi kwa majuma matatu, akamchukua Baba, na baiskeli ikaachwa kwetu. Siku za kwanza mvua haikukatika. Ukungu mweupe ukaota kwenye kiti, na Bibi akapapasa mipira ya magurudumu, akainusa, akasema imeanza kuoza na Bwana atamuua mwanawe. Kwetu kila kitu cha thamani kilikaa darini, juu ya jiko: mbegu za mahindi, vibuyu vya maziwa, mkuki wa babu. Moshi wa jiko ulikuwa dawa ya mchwa, ya fukusi na ya ukungu. Bibi akapanda, akayafunga magurudumu mawili katikati ya mahindi ya mbegu, akashuka, akachochea moto. Mimi ndiye niliyempokeza. Na nikwambie ukweli, nilifurahi, kwa sababu kitanda kilirudi kuwa kipana.

Baba aliporudi hakuvua hata kanzu yake yenye tope. Aliyashusha magurudumu akayaweka mlangoni penye mwanga. Mipira ilikuwa imekakamaa na kupasuka kama visigino vya kiangazi, na upande uliotazama moto ilikuwa imeyeyuka ikanata. Bibi alisimama kando yake akingoja kusifiwa. Baba alipitisha kidole kwenye zile nyufa, taratibu, gurudumu zima.

"Imekauka vizuri," akasema. "Asante, mama."

Kisha akaibeba baiskeli begani, akateremka nayo shambani kwa Bwana.

Alirudi jioni. Bibi alikuwa amemwekea loshoro, naye akala amesimama, ameegemea nguzo ya mlango, akisema safari ya Moshi imemchosha kukaa. Alimwambia Bibi kwamba Bwana ameipenda baiskeli ilivyotunzwa, mpaka ameamua aitumie mwenyewe. Kesho yake nilipompelekea Mama maji ya moto nilimkuta Baba amelala kifudifudi, Mama anamkanda, nikauona ule mgongo. Mama alinipokea maji. Alisema tu, "Bibi asijue."

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Bibi alijisifu miaka. Alijisifu kisimani, alijisifu kanisani, alimsimulia kila mgeni jinsi moshi wake ulivyookoa baiskeli ya Mzungu. Jirani mmoja alipopata baiskeli yake, Bibi alichukua fimbo kwenda kumfundisha kuikausha, na Baba akalazimika kupita njia ya migombani mbio ili awahi kumtahadharisha. Mimi nilikuwa nauma ulimi. Vita vilikuja vikamwondoa Bwana, vigingi vikabaki vikatundikwa vibuyu, nikakua, nikaolewa, na hadithi bado ilikuwa ile ile. Baba aliitikia kila mara, "Kweli, mama."

Baba alitangulia kufa, kwa homa, Bibi akiwa mkongwe. Matangani, waombolezaji wamejaa, nikamsikia anaanza tena: magurudumu, moshi, Bwana alivyofurahi. Nilishindwa. Nilimshika mkono nikamtoa nje nikamwambia, "Bibi, basi. Hujui lililompata."

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyemwaga maziwa.

"Mtoto niliyemzaa anakula amesimama," akasema, "nisijue?"

Nikamuuliza sasa kwa nini alijisifu miaka yote ile.

"Yeye alitaka nisijue," akasema. "Nikamkubalia." Kisha akarudi ndani kwa waombolezaji, akaendelea pale alipoishia.

Msonge ule haupo tena. Mahali pake pana nyumba ya bati ya mjukuu mmoja, mbegu wananunua dukani zimefungwa mifukoni, na hakuna anayejua darini kulikaa nini. Vigingi vya loliondo sijui viliingia jiko la nani. Nilikasirika sana utotoni, na hasira yenyewe sasa naitafuta siioni.

Jumamosi ile mwanangu alimaliza kufagia plasta, akaifagilia chini ya kochi, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono.

"Mama, umeionaje?"

Nilipitisha kidole ukutani, kwenye ufa mpya unaoshuka kutoka msumari wa kwanza.

"Imekaa vizuri," nikamwambia. "Asante, mwanangu."

Kisha nikaiokota picha ya harusi, nikaenda kuitafutia ukuta chumbani.