Kompyuta ya Nyumba Mbili

Mwaka niliporudi Ihanja kumuuguza baba, upepo wa kiangazi ulianza mapema. Ulivuma kutwa nzima kutoka kwenye mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, ukaingiza vumbi jembamba kila mahali: ndani ya mtungi, kwenye mikunjo ya pazia, chini ya kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta ya baba. Kila asubuhi mama alikikung'uta kitambaa hicho mlangoni, kisha akakirudisha taratibu, kama anayemfunika mtu aliyelala.

Na kweli kompyuta ilikuwa imelala. Baba hakuwa anaizima. Kulikuwa na kitufe alichokipenda, kile kinachohifadhi kila kitu kama kilivyo kabla ya umeme kukatwa, ili ukiwasha tena ukute dirisha lilelile, mahali palepale. Dirisha alilolitunza hivyo lilikuwa na sauti ya mama mkubwa.

Baba alikuwa na wake wawili, na uani kwetu kulikuwa na nyumba mbili. Ya mama mkubwa, ambaye mama alimwita dada, inatazama mawio. Ya mama yangu iko upande wa zizi. Baba alipostaafu ualimu aliamua kurekodi nyimbo za kazi za Kinyaturu, na kwa kuwa mama mkubwa alizijua nyingi, alimfuata kila alipo na kinasa sauti chake. Rekodi ya mwisho ilichukuliwa siku alipokuwa anapepeta uwele. Baada ya mavuno yaliyofuata, mama mkubwa hakuwepo tena.

Tangu hapo baba alikaa mbele ya mashine ile kila jioni, akasikiliza kidogo, akasimamisha kabla ya mwisho, akailaza. Sikuwahi kumwona akiiacha rekodi ifike mwisho.

Mimi huandikia redio moja ya Singida mjini habari za vijijini. Kompyuta yangu ndogo iliniharibikia wiki niliyofika, na simu haifai kwa habari ndefu. Nikaigeukia ya baba. Ilichukua muda mrefu kuamka, na ukurasa wowote wa intaneti niliojaribu kuufungua ulinijibu kwamba mfumo wake umepitwa na wakati.

Nikaenda Ikungi siku ya mnada, kwa fundi mmoja mwenye kibanda nyuma ya wauza vitunguu. Aliitazama picha ya kompyuta niliyoipiga kwa simu, akacheka.

"Bibi huyu unataka kumpa kazi za msichana?"

"Nataka afanye kazi, ila kisifutwe kitu."

"Basi usimwondoe. Mwekee mwenzake. Unaigawa diski, huyu anakaa upande huu, yule upande ule. Ukiwasha, inakuuliza unaingia kwa nani." Akanipa flashi yenye mfumo mpya, mwepesi, unaotolewa bure. "Mgeni huyu hali sana. Hata mashine kuukuu anaishi nayo."

Niliporudi, nilimwamkia baba, nikamweleza yote kwa utaratibu. Mama alikuwa anachambua mchicha kizingitini. Akacheka mpaka majani yakamwagika.

"Kwa hiyo kompyuta inaoa mke wa pili! Mzee, hili utalielewa kuliko fundi mwenyewe."

Baba hakucheka. "Na sauti?" akauliza.

Nilikuwa nimeshafikiria hilo. Niliinakili rekodi kwenye flashi nyingine, nikaichomeka kwenye simu, simu ikasema haitambui faili la aina hiyo. Programu iliyoweza kulifungua ilikuwa ya zamani kama mashine yenyewe, na CD yake ilishapotea. Ilikuwa inaishi mahali pamoja tu duniani, ndani ya ule mfumo wa zamani.

"Umebeba chungu," baba akasema, "uji umeuacha jikoni."

Akawa anautazama ua kupitia dirishani. Upepo ulikuwa unazungusha makapi kati ya nyumba mbili, yakipanda na kushuka.

"Mke mdogo akiletwa," akasema hatimaye, "mkubwa hahamishwi. Anayekuja anajengewa pembeni. Utaweza hivyo?"

"Nitapunguza uwanja wake tu baba, ule usio na kitu."

"Uwanja punguza. Nyumba usiguse."

Kesho yake mchana nikaanza. Nilichagua mchana kwa sababu mashine ya kusaga ya jirani huwa inanguruma saa hizo, na ikinguruma tunajua umeme upo. Nikawasha kwa kutumia ile flashi, mfumo mpya ukafunguka, ukaitazama diski, ukakataa. Ujumbe ulisema mfumo wa zamani haujazimwa, umelala tu, na diski haiwezi kugawanywa mpaka uamshwe na kuzimwa kabisa.

Nilimsomea baba ujumbe ule. Alielewa kabla sijamaliza. Kuzima kabisa kulimaanisha kulifunga lile dirisha.

"Likifungwa litafunguka tena?"

"Litafunguka, baba. Ila litaanzia mwanzo."

Mama akaingia akijifuta mikono. "Mzee, mfungie. Dada mwenyewe hakupenda mlango uachwe wazi. Alikuwa anasema kuku wanaingia."

Baba akavuta kiti. Nikaiamsha ile ya zamani, akabonyeza mwenyewe. Kwanza tulisikia ungo, ile sauti kavu inayoenda na kurudi, kama mvua iliyo mbali sana. Kisha wimbo wa Kinyaturu, wa chinichini, wa mtu asiyeimbia yeyote. Chumba kikawa na ubaridi wa uani wakati wa asubuhi. Nikajihisi mdogo, miguu yangu ikiwa ndani ya makapi yenye joto, na mwanamke mrefu amesimama kati yangu na jua.

Tukapita pale baba anaposimamisha siku zote. Kidole chake kilikaa juu ya kipanya, hakikubonyeza. Wimbo ukaisha. Ungo ukawekwa chini. Kuku akalia.

"Wee shii! Toka hapo! Na wewe mwalimu umesimama tu na hilo dude lako, kuku wanamaliza uwele." Kicheko kifupi. Halafu, karibu kabisa na kinasa sauti: "Bado linasikiliza?"

"Bado," sauti ya baba ikajibu, changa kidogo kuliko ya sasa.

Ikakatika hapo.

Mama alikuwa amejitanda khanga mpaka kwenye pua. Baba alilifunga dirisha, akazima, na kioo kikawa cheusi kabisa, tukajiona wote watatu ndani yake.

Safari hii diski ilikubali kugawanywa. Mstari mwembamba ulianza kujaa kioo kuelekea kulia, polepole mno, kama kivuli cha paa kinavyotambaa uani. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma. Kila ilipopunguza sauti nilishika ukingo wa meza, ikiongeza nikaachia. Baba alisinzia kitini. Mama alisinzia ameegemea mlango. Nadhani nami nilisinzia, maana niliuona ua wetu una nyumba tatu, na ya tatu haikuwa na mlango, nami nikiizunguka na bakuli la uji nisijue nibishe wapi.

Nilipozinduka kioo kilikuwa kinaniomba nichomoe flashi na kuwasha upya. Nikawasha.

Mfumo mpya ulifunguka upesi, safi, una rangi za zambarau kama mbingu ya jioni. Ulifunguka moja kwa moja. Haukuuliza naingia kwa nani.

Baba alikuwa ameamka. "Yuko wapi mwenzake?"

Nikazima, nikawasha tena. Ukafunguka uleule. Nikatoka uani nikampigia fundi, nimeziba sikio moja kwa ajili ya upepo.

"Hujafuta kitu?" akauliza.

"Sijafuta."

"Basi yupo. Huyo mgeni hajaambiwa aulize kama nyumba ina mtu mwingine. Siku hizi hawaulizi mpaka uwape ruhusa. Nakutumia maneno, yaandike kama yalivyo."

Niliyaandika herufi kwa herufi, baba akiwa amesimama nyuma yangu, pumzi zake zikigusa nywele zangu. Mistari ilipita upesi juu ya kioo cheusi. Kwenye mmojawapo nikaliona jina la mfumo wa zamani. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Huyu hapa."

"Huyu hapa," baba akarudia, akakaa chini kwa kishindo.

Nikawasha upya, na sasa orodha ikatokea. Mfumo mpya juu, wa zamani chini kabisa. Nikawaeleza kwamba usipobonyeza chochote, mashine inasubiri kidogo, halafu inaingia kwa huyo wa juu.

Mama akainama karibu na kioo. Hasomi haraka, lakini hilo alilisoma.

"Huyu mgeni ndiye aliyetajwa wa kwanza?"

"Ndivyo inavyojipanga, mama."

"Inajipanga vibaya. Mimi nilipoletwa hapa, chakula changu cha kwanza nilimpelekea dada. Mpaka anaondoka, sijawahi kupita mlangoni pake asubuhi bila kumwamkia, hata siku tulizonuniana. Na zilikuwepo, muulize baba yako."

"Zilikuwepo," baba akasema.

"Leo dude hili ndilo limpite?"

"Mama, ni orodha tu. Na mimi kazi yangu iko kwa huyu mpya."

"Kazi yako fanya. Pita umwamkie, halafu nenda."

Nikamtazama baba, nikitumaini atanitetea. Alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Mkubwa kwanza," akasema.

Nikabadilisha mpangilio. Mfumo wa zamani ukapanda juu, na mashine isipoguswa, huingia kwake. Mpaka leo, nikitaka kuandika habari, lazima niwepo inapowaka, nishuke mstari mmoja kabla haijaenda zake. Nikichelewa kwa sababu ya chai, nakuta imeshaanza kumwamsha mkubwa, na siikatishi. Nasubiri mpaka afunguke kabisa, ndipo naizima vizuri na kuanza upya.

Baba yeye hachagui. Jioni anabonyeza kitufe, anakaa, anaiacha ijiendee. Rekodi akiifungua inaanzia mwanzo sasa, kwenye ungo, na anaiacha mpaka mwisho. Halafu anazima kabisa.

Jana nilikuwa kibarazani nikimsikiliza. Upepo ulikuwa umetulia, moshi wa jikoni umesimama wima. Wimbo ukaisha, kuku akafukuzwa, kicheko kikapita dirishani.

"Bado linasikiliza?"

Kabla sauti ya baba haijajibu ndani ya mashine, mama alijibu kutoka jikoni, akiendelea kusonga ugali:

"Bado, dada."