Kinu Kitupu cha Bernadeta

Siku hizi nakaa Mikese, kando ya barabara kuu, na unga nanunua dukani. Lakini mvua kubwa ikinyesha nazima redio na kutega sikio. Wajukuu hunicheka. Waache wacheke, hawakumjua Bernadeta.

Bernadeta alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi kule Mgeta, miaka ile ya ujamaa. Mwanamke mfupi, mdomo haulali, na mikutano yake ilikuwa mirefu kuliko misa ya Pasaka. Mlima ulipomeguka upande wa jirani na kufukia shamba zima la kabichi, akatuita: lazima tuwe na mpango wa kukimbia. Kimbilio likawa shule, iliyojengwa juu kwenye mgongo wa kilima, mahali pasipo na mteremko wa kuiangukia.

Ishara tuliyoichagua kwanza ilikuwa kengele ya kigango, kanisa letu dogo. Siku ya mazoezi ikapigwa, na sisi Wakatoliki wema tukatua majembe, tukasali Malaika wa Bwana palepale mashambani. Bernadeta nusura alie. "Mlima unawashukia, nyie mnapiga ishara ya msalaba!"

Ndipo alipokumbuka kinu. Kinu kitupu kina mlio wake, na hakuna mwanamke wa milimani asiyeutambua. Tena nani anatwanga kwenye mvua? Njia ya shuleni ilipita uani kwake, basi yeye angetwanga mpaka atuone wote tumepita.

Sheria yake ya pili ilileta manung'uniko: kila mtu ambebe mzee wa mwenzake. "Wa kwako utarudi kumfuatia mkeka na kuku," alisema. Mama yake mwenyewe, Bibi Kristina, aliyepooza miguu na kuishi bondeni, akampangia Rosa, jirani yake wa shamba. Tulitazamana. Rosa na Bernadeta walikuwa hawasalimiani tangu wagombane kwa mpaka wa matuta ya karoti. "Ana mgongo imara," alisema Bernadeta, akafunga mkutano.

Mchana mmoja wa masika ardhi ikapasuka nyuma ya nyumba yake. Kinu kikalia. Tukapanda na wazee na watoto migongoni, huku nyuma yetu njia ikianza kuporomoka. Shuleni tukahesabiana. Rosa hayupo, Bibi Kristina hayupo, na kinu kule chini bado kinatwangwa.

Mwishowe Rosa akatokea kwa njia ya kuzunguka, tope hadi kifuani, Bibi akimgombeza mgongoni: "Polepole, mimi si gunia la njegere!" Tulicheka, kisha tukakisikia tena kinu kule chini. Bernadeta hakuwa amewaona wakipita. Asingeondoka.

"Nipeni kile kinu cha shule, cha uji wa watoto," alisema Bibi. Akakaa chini, miguu kainyoosha, akatwanga kinu kitupu kwa nguvu zake zote.

Kule chini sauti ikakoma. Amesikia, au mlima umemchukua? Halafu Bernadeta akatokea kwenye ukungu, mchi begani, akampita mama yake, akasimama mbele ya Rosa.

"Hujambo, Rosa."

"Sijambo, dada."

Nyumba ya Bernadeta ilikwenda na udongo jioni ileile.

Sasa miguu yangu nayo imekwisha. Majirani wa hapa Mikese ni watu wema, kila asubuhi wananipa shikamoo. Ila sijui ni nani kati yao aliyepangiwa kunibeba.