Kuzamishwa kwa Bei ya Kupatana

Kapteni alitaka mara tatu. Nikamwambia moja. Akacheka, akidhani natania, lakini yeyote aliyewahi kununua misumari dukani kwangu Masimba angemwambia kwamba nikitaja bei ya kwanza huwa sitanii hata kidogo.

Tulichokuwa tukipatana ni idadi ya mara ambazo ningepinduliwa pamoja na mashua katikati ya bwawa, kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu. Ndilo lililokuwa sharti la uanachama. Mashua inapinduliwa, unaingia majini na nguo zako, unatoka chini yake, unashika mgongo wake, kisha unapiga kelele ukitaja namba yako mpaka ujibiwe. Unakaa hapo hapo mpaka mashua ya pili ije. Ukifanya hivyo mara tatu, jina lako linatiwa alama kwenye daftari.

Bwawa lenyewe lilikuwa upande wa Ikonge, kule chai ya wananchi inapokaribia kukutana na mashamba makubwa. Mzungu mmoja alilichimba kwa ajili ya ng'ombe wake, na alipouza shamba baada ya Uhuru akaacha mashua mbili za makasia bandani. Kuku walizitagia mayai kwa miaka kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya sabini wachache wetu, wenye maduka, makarani na walimu, tukaona kwamba watu waliojipatia uhuru wanaweza kujipatia na starehe, tukaunda chama cha mashua. Tulikuwa kumi na mmoja. Nilihesabu mara mbili. Waliojua kuogelea nikawahesabu mara mbili pia, na mara zote mbili nikampata mmoja tu: Kapteni.

Huyo alikuwa mtu wa ziwani, aliyefanya kazi kwenye meli kabla ya kuja Kisii mjini kuwa fundi wa mabomba. Hakujua Ekegusii, lugha yetu, kwa hivyo mambo ya chama yaliendeshwa kwa Kiswahili, kile chetu cha shuleni na sokoni. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba mashua moja haiendi majini kama ya pili haiko tayari kuifuata. Jumamosi basi haikuwezekana, maana nusu yetu walikuwa Waadventista, ambao siku hiyo ni sabato yao, na sisi Wakatoliki tungetazamwa na nani? Tukakubaliana Jumapili, saa saba, tukishatoka Misa.

Mchango wangu kwa chama ulikuwa madebe ya mafuta ya taa, matupu, yaliyozibwa kwa risasi ya kuyeyushwa na kufungwa chini ya viti ili mashua ikijaa maji isizame. Manane, manne kila mashua. Nanga tulichongewa kule Tabaka kwa jiwe la sabuni, lile laini la vinyago, na mchongaji, kwa mazoea ya kuchongea watalii, akashindwa kujizuia akaitia kichwa cha kiboko. Tulikuwa chama pekee, nadhani, chenye nanga inayotabasamu.

Lakini maji niliyaogopa. Mama yangu alinifundisha kuyaogopa mapema na vizuri. Mtoni kwetu palikuwa na shimo alilotukataza hata kulitazama. Nikishuka kuchota maji alisimama juu ukingoni akiniita jina kila baada ya muda, na sharti niitike. Nikichelewa kuitika alishuka na fimbo, akanichapa kwa kosa la kuwa hai bila kumjulisha.

"Mara tatu, Bwana Mabati," Kapteni aliniambia.

"Kapteni, wewe ni mtu wa haki. Hawa Waadventista walibatizwa kwa kuzamishwa mtoni wakiwa watu wazima. Wamezoea. Mimi nilimwagiwa kikombe kimoja kichwani nikiwa mtoto mchanga. Tutaanzaje na bei moja?"

"Maji ni yale yale."

"Basi nusu. Moja na nusu."

"Nusu ya kuzama ni ipi? Kuingia bila kutoka?"

Nilimzungusha Jumapili tano. Mara nina kikohozi, mara kuna matanga, mara jua halijatoka. Tatu ikawa mbili. Mbili ikawa moja. Moja ikahama kutoka katikati ya bwawa ikaja kwenye matete, mahali maji yanafika kifuani, na mashua badala ya kupinduliwa ikainamishwa tu. Nilitoka nimelowa mpaka mabegani, kichwa kikavu kabisa. Kapteni alinikubalia kwa sababu moja: nilikuwa na mikono ya kubeba mabati, na mashua ya pili ilihitaji mpiga makasia. Akaweka alama kwenye daftari.

"Umepata bei nzuri," akasema. "Siku moja utaniambia kama bidhaa ni nzuri."

Nilirudi nyumbani nikijisifu. Mke wangu hakucheka. Kaka yake, shemeji yangu, karani wa kituo cha kununua majani chai, alikuwa mwanachama pia. Alizamishwa mara zote tatu akaomba ya nne, jambo lililonifanya niwe na wasiwasi na ukoo niliooa.

"Huyo nimezaliwa naye mmoja tu," mke wangu aliniambia. "Sina wa akiba. Ukienda naye huko, mrudishe."

Nikamwambia nitamhesabu mara mbili.

Jumapili moja wengi walikuwa wamekwenda kwenye harambee ya shule. Tulifika bwawani watatu: Kapteni, shemeji na mimi. Wa nne alikuwa mzee mlinzi wa banda, mtu wa hapo hapo. Kapteni alimwita "Baba", kama Kiswahili kinavyomheshimu mtu mzima, na mzee aliitika hivyo bila kulalamika. Shemeji akachukua mashua ya kwanza, mimi ya pili nyuma yake. Kapteni alibaki bandani akitengeneza kasia lililopasuka. Maji yalikuwa ya rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, na kama kawaida sikuyatazama. Nilitazama mgongo wa shemeji.

Wingu lilitoka nyuma ya kilima. Watu wa kwetu wanalijua wingu lile, jeusi chini na jeupe juu, linalokuja na mvua ya mawe na kuacha chai imechanika kama imetafunwa. Upepo ulitangulia. Niliona mashua ya shemeji ikigeuzwa ubavu, ikainuka upande mmoja taratibu, kama mtu anayefikiria, kisha ikalala chali. Shemeji hakuonekana.

Nilihesabu makasia yangu. Mawili. Nikahesabu tena. Nasema ukweli, hicho ndicho nilichofanya. Hofu ilinishika nikabaki nahesabu vitu nilivyokuwa nimevishika mkononi.

Kichwa chake kikatokea. "Mbili!" akapiga kelele. "Mbili!"

Mbili ilikuwa namba yake, na kazi yangu ilikuwa kujibu, "Mbili, nimesikia." Badala yake mikono ilianza kuvuta makasia, na mawe yakaanza kuanguka, yakinigonga kichwani kama kokoto. Nilipomkaribia, akapiga kelele, "Nyuma! Nyuma!"

Nikadhani ananikataza. Nikaacha kupiga makasia.

"Nyuma ya mashua! Niletee nyuma yake!"

Somo hilo lilikuwa la mara ya pili ya kuzama, ile niliyopunguziwa. Aliyemo majini hapandishwi kwa ubavu. Unamgeuzia sehemu ya nyuma aishike, nawe unatulia katikati. Mimi nilimwendea kwa ubavu. Tena nikasimama. Nikasimama ndani ya mashua, na gambuti mpya miguuni, nikainama kumshika mkono.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka giza, na kitu kikubwa juu ya kichwa changu, na kwamba nilivuta pumzi na haikuwa pumzi. Gambuti zilijaa zikawa kama mikono miwili inayonivuta chini. Nilisukuma, nikagonga mbao, nikasukuma tena mahali pengine, na mwanga ukaja pamoja na mawe ya mvua usoni.

Namba yangu ilikuwa nne. Haikunijia hata kidogo. Nililolipiga kelele ni "Baba! Baba!"

Sasa, asiyejua Ekegusii aelewe hapa. Kwetu baba huitwa tata. Ukimsikia Mgusii analia "Baba!", anamwita mama yake. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, duka, na watoto watano, na nilikuwa namwita mama aje na fimbo.

Kule bandani, kama walivyonisimulia baadaye, mvua ilikuwa inapiga mabati niliyowauzia mwenyewe, na hakuna aliyesikia "Mbili" ya shemeji hata moja. Mvua ikapungua kidogo, sauti yangu ikafika. Kapteni hakuinua hata macho.

"Baba, unaitwa," akamwambia mlinzi. "Nadhani wanataka chai iwe tayari."

Mzee alisikiliza. "Huyo haniiti mimi," akasema. "Huyo anamwita mama yake."

Kasia likaanguka.

Sisi hatukuyajua hayo. Shemeji alikuwa ameiacha mashua yake, jambo tulilokatazwa, kwa sababu aliniona naachilia yangu. Akanikamata ukosi, akanibandika kwenye mgongo wa mashua kama anabandika tangazo.

"Shika ubao wa katikati. Vua gambuti."

"Ni mpya."

"Shemeji, vua!"

Nikavua ya kushoto, ikashuka. Nikavua ya kulia. Miguu ikawa yangu tena.

"Namba yako?"

"Nne."

"Tena."

"Nne."

"Kila nikikuita, itika. Mimi nikiitwa nitaitika. Tusinyamaze."

Nikawaza kwamba upepo utatusukuma mpaka matete ya ng'ambo. Haukutusukuma. Kiboko wetu wa Tabaka, ile nanga, alikuwa ameanguka mashua ilipopinduka, akaenda chini, na kwa mara ya kwanza tangu achongwe akafanya kazi aliyonunuliwa. Tulishikiliwa katikati ya bwawa.

Baridi ya maji ya kwetu inaanzia vidoleni. Shemeji alikuwa majini kabla yangu, tena alikuwa amechoka kwa kunivuta mimi. Mwanzoni nikisema "Mbili?" alijibu kabla sijamaliza. Halafu nikawa namaliza ndipo anajibu. Halafu nikawa nasubiri. Midomo yake iligeuka rangi ya majivu. Nilianza kuhesabu muda kati ya swali na jibu, na kila mara hesabu ilizidi: tatu, tano, tisa. Hapo ndipo nilipomwelewa mama pale ukingoni, na ile fimbo.

"Mbili?"

Nilifika kumi na tano.

"Mbili?"

Vidole vyake viliachia ubao. Nilimwona akishuka bila haraka, macho wazi, na nikajua kwamba nikinyoosha mkono nitakuwa nimeshika mashua kwa mkono mmoja tu, na mkono mmoja kwangu ulikuwa pungufu sana. Nikaunyoosha. Nilipata kola ya shati, nikaipinda ngumini mara mbili, nikainua uso wake juu ya maji, nikauweka begani kwangu. Sikuwa jasiri. Nilikuwa na hofu mbili, na ya kurudi nyumbani bila yeye ilikuwa kubwa zaidi.

Nikaanza kupiga kelele, "Nne! Mbili! Nne! Mbili!" Na kutoka upande wa banda sauti ikajibu, "Nne, nimesikia! Mbili, nimesikia!"

Kapteni alikuja akiogelea na kamba kiunoni, vipande vilivyowachukua muda kuviunga mpaka vifike katikati, mzee mlinzi akiwa ameshika ncha nyingine ukingoni. Akatufunga kwenye mashua, akachukua kisu, akaikata kamba ya nanga. Kisha mzee akavuta. Alivuta peke yake, miguu imezama kwenye tope, mashua na watu watatu, mpaka matete yakatugusa. Kiboko yuko chini kule hadi leo.

Shemeji alitapika maji, akafungwa blanketi mbili, akanyweshwa ile chai ambayo hakuna aliyeiagiza. Ilipofika saa kumi akasema neno lake la kwanza: "Mbili." Nikatoka nikasimama kidogo nyuma ya banda, mahali ambapo hawangeniona.

Mke wangu alimpokea kaka yake mlangoni, akamgusa uso, mikono, mgongo. Akanitazama mimi na miguu yangu mitupu.

Jumapili iliyofuata nilimkuta Kapteni bandani.

"Mara tatu," nikamwambia.

"Daftari linasema umemaliza."

"Futa."

Akanitazama kama anayemtazama mteja aliyelipa akaomba kulipa tena. "Wewe umeshaona maji. Nakupa moja."

"Tatu."

"Mbili, na tunakwenda kule kwenye matete."

"Tatu, Kapteni, na katikati. Na hiyo ndiyo bei yangu ya mwisho."

Shemeji akakaa kwenye mashua ya pili kunitazama. Mke wangu alikuja siku hiyo, akasimama ukingoni karibu na mzee, amekunja mikono. Maji hayakuwa yamebadilika, wala mimi. Mashua ilipoanza kuinuka ubavu nilitamani kupatana na yeyote aliyekuwa karibu. Kisha giza, mbao, mwanga. Nikashika mgongo wa mashua, nikafungua mdomo.

"Baba!"

Kule ukingoni nilimsikia mzee akicheka. Kapteni akasema hiyo haihesabiwi. Kwa hivyo zote pamoja zilikuwa nne.